Warithi wanne, msitu mmoja, na mnunuzi anayetaka miti minene tu

"Mtaalamu, salaam. Babu yetu aliacha msitu wa hekta 36. Karibu nusu ni misonobari aliyoipanda mwenyewe kwa msimu mmoja, miaka 45 iliyopita. Nusu nyingine ni msitu wa asili unaofuata kijito. Baba aliutunza hadi alipofariki miaka miwili iliyopita, na hakuacha wosia. Mama yupo, ana miaka 78. Tumezaliwa wanne: kaka mkubwa yuko mjini, dada yuko ng'ambo, kaka wa pili anakaa jirani na msitu, na mimi wa mwisho niko mjini. Sasa amekuja mnunuzi wa magogo. Anasema atachukua miti minene tu, midogo ataiacha ipate nafasi ya kukua, na baada ya miaka 15 tutavuna tena. Anataka jibu kabla ya mwezi kuisha. Kaka mkubwa anataka tukubali, kisha tugawane ardhi vipande vinne, kila mtu ashike chake. Dada anasema tusiguse kitu, msitu hujitunza wenyewe. Mimi niko katikati. Mama ana wajukuu tisa na hakuna hata mmoja anayejua mpaka wetu unapita wapi. Tuuze, tugawe au tuache?"

Dada yangu, pole sana kwa kuondokewa na baba. Miaka miwili ni michache, na katika barua yako naona ndugu wanne wanaobishana kuhusu miti ilhali kila mmoja bado anamtafuta aliyekuwa akiitunza. Likumbukeni hilo mtakapokaa kuzungumza. Sauti zikipanda, mara nyingi hazipandi kwa ajili ya magogo.

Umeuliza kama muuze, mgawe au muache. Nikikuelewa vizuri, kinachokunyima usingizi ni hofu kwamba kazi ya babu na baba itaishia mikononi mwenu. Hofu hiyo ina msingi. Katika miaka niliyotembea kwenye misitu ya familia sijaona mingi iliyopotea kwa sababu warithi hawakuipenda. Niliyoiona ikipotea ilipotea miaka mitatu minne ya mwanzo baada ya msiba, pale watu ambao hawajawahi kuamua jambo kubwa pamoja wanapotakiwa kuamua haraka, mbele ya mtu wa nje mwenye fedha mkononi na tarehe ya mwisho. Kwa hiyo nianze na huyo mnunuzi.

Kauli yake inaingia akilini upesi kwa sababu tunafikiria watoto. Mtoto ni mdogo kwa kuwa umri wake ni mdogo. Mpe nafasi na chakula, atakua. Lakini umeniambia babu alipanda misonobari yote kwa msimu mmoja. Basi pale hakuna mti mchanga. Ule mwembamba kama paja na ule unaojaza mikono yako ukiukumbatia, yote miwili ina miaka 45.

Usinikubalie kwa maneno. Mwombe kaka anayekaa kule atafute msonobari mwembamba uliokufa au kuanguka, aukate karibu na ardhi, alainishe uso wa kisiki kwa msasa na ahesabu pete kuanzia katikati. Afanye hivyohivyo kwa mnene ulioangushwa na upepo, akiupata. Penye majira yanayotofautiana vizuri, mti huweka pete moja kila mwaka. Hesabu zake mbili zitakaribiana. Tofauti ataiona kwenye upana: pete za mti mnene zina nafasi kati yake, ilhali za mwembamba huanza vizuri miaka ya mwanzo, kisha zinabanana, zinabanana, hadi mtu anatafuta kioo cha kukuzia. Pale zinapoanza kubanana ndipo mti ule ulipozidiwa na majirani zake.

Kinachotokea ni hiki. Msonobari ni mti wa jua. Miche inapopandwa pamoja, miaka ya kwanza yote hupata mwanga wa kutosha. Matawi yakigusana, ushindani unaanza. Mche uliokuwa na mbegu bora, au uliobahatika kuangukia udongo mzuri zaidi, hupita wenzake kwa kiasi kidogo tu. Lakini kiasi hicho kinampa mwanga zaidi mwaka unaofuata, na mwanga huo unajenga majani na mizizi zaidi, na mwaka wa tatu pengo linakuwa kubwa. Aliyebaki chini hupoteza matawi ya chini kwa kukosa jua, hadi anabakiwa na kishungi cha majani juu ya fimbo ndefu. Sisi tunaokagua misitu huangalia hapo kwanza: sehemu yenye majani mabichi ni kiasi gani cha urefu wote wa mti? Ikiwa chini ya theluthi moja, mti huo umekwisha kupoteza kiwanda chake cha chakula, na kuufungulia jua leo hakutaurudishia nguvu kwa kiwango cha kuleta gogo zuri. Na kwa kuwa ulirefuka bila kunenepa, ukiondolewa majirani waliokuwa wakiukinga, upepo wa kwanza mkali unaulaza.

Sasa fikiria mnunuzi akishapita. Washindi wote wameondoka, yaani miti iliyothibitisha kwa miaka 45 kwamba inaliweza eneo lenu. Waliobaki ni waliozidiwa, waliopinda, wenye vidonda na wenye vichwa viwili. Hao ndio watakaonenepa polepole, na hao ndio watakaomwaga mbegu za msitu ujao. Mti wenye kipenyo cha sentimita 40 una eneo la mkato wa shina mara nne ya ule wa sentimita 20, na zaidi ya hapo unapasuliwa mbao wakati mwembamba unaishia kuwa nguzo, kuni au malighafi ya karatasi. Baada ya miaka 15 atakuja mnunuzi mwingine, atatembea dakika chache na kuondoka bila kutoa bei. Nimewahi kusimama katika msitu wa namna hiyo na mzee aliyeniuliza kwa nini miti yake "imegoma". Haikuwa imegoma. Ilikuwa imechaguliwa vibaya mara mbili, kwanza enzi za baba yake, kisha enzi zake.

Sisemi mnunuzi wenu ni mwongo. Wengi wao wanaamini wanachosema, na ipo misitu ambamo kauli hiyo ni kweli. Katika kijiji cha Couvet nchini Uswisi, tangu mwaka 1890, mtaalamu wa misitu Henry Biolley alianza kuvuna mti mmojammoja katika msitu wenye miti ya kila umri, wa aina zinazostahimili kivuli. Mle, mti mdogo kweli ni mchanga, na ukipata mwanga unainuka. Lakini angalia alichokifanya Biolley: alipima miti yote, akairudia kuipima kila baada ya miaka michache, na aliacha vipimo hivyo vimwambie kiasi gani kimeongezeka kabla hajakata. Aliondoa mibovu pamoja na minene. Mtu anayekuja na msumeno na kusema "minene tu" hafanyi kazi ya Couvet, hata kama kwa mbali zinafanana.

Kinachofaa kwa misonobari ya umri mmoja ni kupunguzia kwa kuanzia upande wa pili: mnaondoa iliyopinda, iliyougua na ile inayombana jirani aliye bora kuliko yenyewe, mnaacha ile mizuri iendelee. Mapato ya mkupuo huo huwa madogo kuliko anayowaahidi mnunuzi, na hilo mjue mapema msije mkalaumiana. Pia inawezekana kwamba kwa miaka 45, kutegemea aina na udongo wenu, misonobari hiyo imefika au inakaribia umri wa kuvunwa yote, kipande kwa kipande, na kupandwa upya. Huo nao ni uamuzi halali kabisa. Kuvuna si dhambi, babu yenu alipanda ili ivunwe. Ila ivunwe kwa mpango, na gharama ya kupanda upya iwe imetengwa kabla fedha hazijagawanywa.

Kuna hatari moja nataka kaka wa pili aitazame kwa macho yake. Kama baba katika miaka yake ya mwisho hakuweza kupunguzia, miti itakuwa imerefuka sana kwa unene mdogo. Chukua urefu wa mti ugawe kwa kipenyo cha shina kilichopimwa kwenye kimo cha kifua, vyote kwa kipimo kimoja. Mti wa mita 24 wenye kipenyo cha sentimita 24 unatoa 100. Namba zikipita 80 tunaanza kuwa waangalifu, kwa sababu ukifungua msitu wa miti kama hiyo kwa mkupuo mmoja mkubwa, upepo au theluji vinaweza kumaliza kazi ambayo msumeno uliibakisha. Hapo hupunguziwa kidogokidogo, mara mbili au tatu, kwa kupeana miaka kadhaa.

Dada yenu wa ng'ambo naye ana hoja, nusu yake. Msitu wa asili kando ya kijito unaweza kujitunza, na ningekuwa ninyi ningeuacha karibu kama ulivyo. Mizizi yake inashika kingo, kivuli chake kinayapoza maji, na ile miti mikubwa iliyokufa inayoonekana kama uchafu ni nyumba za viumbe wengi. Ufini inakadiriwa kwamba kiasi cha robo ya aina za viumbe wa msituni hutegemea mbao zilizokufa na kuoza. Mtu akiwashauri "msafishe" upande ule, mkataeni. Lakini misonobari haikujiotea. Nafasi kati ya mti na mti iliamuliwa na babu, naye aliipanda karibukaribu akijua kwamba mtu atarudi kupunguza. Kuiacha sasa ni kuacha kazi katikati. Na hata upande wa asili, kutogusa hakumaanishi kutotazama: kuna mipaka, kuna moto, kuna mimea vamizi inayopanda juu ya miti na kuinyonga.

Nije kwa kaka mkubwa. Anaposema mgawane, anataka kitu cha haki: kila mtu ajue chake, asitegemee ridhaa ya wengine watatu kila akitaka kufanya jambo. Sipuuzi hilo. Lakini haki inaweza kugawanywa bila kuikata ardhi, na katika msitu tofauti hiyo ni kubwa kuliko katika shamba la mazao.

Tuchukulie msitu wenu ni mraba. Hekta 36 ni mita 600 kwa 600, mpaka wake wote kilomita 2.4. Ukiukata miraba minne ya hekta tisa, kila mmoja ana kilomita 1.2 za mpaka, jumla 4.8. Mmeongeza maradufu urefu wa kulinda, kuweka alama na kugombania. Gharama ya kuleta mashine ya kuvunia ni ileile kwa hekta tisa na kwa 36, kwa hiyo mwenye hekta tisa hupewa bei mbaya au haletewi mashine kabisa. Barabara inapita kwa nani? Nani anapata misonobari iliyokomaa, na nani anapata kijito ambacho pengine sheria inakataza kukata kando yake? Nyinyi mko wanne. Watoto wenu ni tisa, na kwa ugawaji uleule kila mmoja ataishia na hekta nne kwa wastani. Kusini-magharibi mwa Ujerumani, ambako desturi ya zamani ilikuwa kumgawia kila mrithi ardhi sawa, ipo misitu iliyobaki vipande vyembamba kiasi kwamba mwenye kipande hawezi kufanya jambo la maana bila kuingia kwa jirani, na wengine hawajui hata kipande chao kiko wapi.

Hata hivyo, kuuacha "wa wote" bila maandishi ni hatari vilevile, pengine zaidi. Familia nyingi huangukia hapo bila kuchagua. Katika nchi nyingi mwenye sehemu katika mali isiyogawanywa anaweza kwenda mahakamani kuomba igawanywe au iuzwe, au kumuuzia mgeni sehemu yake, na mgeni huyo ndiye akaenda mahakamani. Marekani familia zilipoteza ardhi nyingi kwa njia hiyo, hadi mwaka 2010 ikatungwa sheria ya mfano ambayo majimbo mengi yameshaipitisha, inayowapa ndugu nafasi ya kwanza ya kununua sehemu ya anayetaka kutoka kabla ya kuuza yote. Huko familia na watu binafsi wanaomiliki misitu wanakaribia milioni 10, na wakiulizwa kwa nini wanaimiliki, wengi hutaja uzuri wa mahali, wanyama na kuwaachia watoto kabla ya kutaja mbao. Nakueleza haya ili ujue kwamba mgongano ulio ndani yako, kati ya kumbukumbu na fedha, haukuanzia kwenu.

Njia ya kati ni kuuacha msitu mzima chini ya chombo kimoja, kisha kila mtu amiliki hisa. Chombo hicho kinaweza kuwa kampuni ya familia, amana (mali inayoshikwa na wadhamini kwa niaba yenu), ushirika, au kile ambacho sheria ya mahali penu inaruhusu. Ufini, ambako zaidi ya nusu ya misitu ni ya watu binafsi na familia, sheria inaruhusu hata kuunda msitu wa pamoja: wenye hisa hukutana, huidhinisha mpango, mapato hugawanywa kwa hisa, na mtu akifa kinachorithiwa ni hisa. Ardhi haikatwi.

Jina la chombo si muhimu kama yale mtakayoyaandika ndani yake, na hapa nakuomba usichoke kusoma. Andikeni ni nani mwenye kutia saini mkataba wa magogo, na kwa kura ngapi. Andikeni kwamba sehemu fulani ya kila mauzo hubaki katika akaunti ya msitu kabla mtu yeyote hajapewa chake. Kupanda upya, barabara na kodi vitoke humo. Kisha andikeni, tena mkiwa bado mnapendana, namna mtu atakavyotoka. Hiki ndicho kipengele kinachookoa familia. Kaka mkubwa akihitaji fedha miaka sita ijayo, wengine wana haki ya kwanza ya kununua hisa yake, bei inapangwa na mthamini asiye upande wowote, na wanalipa kwa awamu za miaka kadhaa ili wasilazimike kukata msitu kumlipa. Mtu akijua mlango wa kutokea upo, mara nyingi hana haraka ya kutoka.

Mkishindwa kukubaliana hata hayo, basi kugawana ardhi, au mmoja kuwanunua wengine, au hata kuuza msitu mzima kwa mtu atakayeutunza, ni bora kuliko miaka 20 ya kesi huku mpaka ukisogezwa na miti ikiugua. Siwezi kukwambia udugu wenu uvunjike ili hekta 36 zibaki pamoja.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, nalo kwangu ni kubwa. Kaka wa pili umemtaja mara moja tu, kwamba anakaa jirani. Bila shaka ndiye anayeondoa mti ulioanguka njiani, anayefukuza wakataji, anayeongea na jirani kuhusu mpaka, anayefyeka njia ya kuzuia moto kabla ya kiangazi. Kwa miaka miwili amefanya hivyo bila malipo, huku ndugu zake wakizungumzia kugawana sawa kwa sawa. Kama bado hajalalamika, msisubiri alalamike. Tenganisheni vitu viwili: hisa, ambayo kila mmoja anayo kwa kuzaliwa, na ujira, ambao anaufanyia kazi. Pangeni ujira wake kwa siku au kwa mwaka, utoke kwenye akaunti ya msitu, hata ukiwa mdogo kwa kuanzia. Mkifanya hilo tu, mazungumzo mengine yote yatakuwa mepesi.

Halafu mama. Baba hakuacha wosia, kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni msitu huu ni wa nani leo kisheria. Inawezekana sehemu kubwa ni ya mama. Inawezekana hatimiliki bado ina jina la babu. Mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na haki za kila mmoja zijulikane, inawezekana hakuna hata mmoja kati yenu wanne mwenye mamlaka ya kutia saini mkataba na mnunuzi huyo, na atakayetia anaweza kujiingiza kwenye kesi na ndugu zake mwenyewe. Hapa nenda kwa wakili wa mirathi, ana kwa ana, ukiwa na nyaraka zote mlizonazo, zikiwemo risiti za zamani za kodi. Ushauri wangu unaishia mlangoni kwake.

Mtaalamu wa pili wa kumwita ni mtu wa misitu asiyelipwa na mnunuzi. Sharti hilo msilegeze. Atembee msitu wote, apime sampuli, awaandikie mpango wa miaka kumi au zaidi kwa lugha mtakayoielewa, na kama kuna cha kuuza, aiwekee miti rangi mti kwa mti: alama moja kwa kimo cha kifua, nyingine chini kabisa karibu na mizizi. Ile ya chini hubaki kwenye kisiki baada ya mti kuondoka, na ndiyo mtakayoikagua kujua kama kimekatwa kisichoruhusiwa. Mkishakuwa na orodha yenye ujazo, waiteni wanunuzi watatu au zaidi waandike bei. Mkataba useme malipo ni lini, mashine zipite njia zipi na zisiingie udongo ukiwa umelowa, kwa kuwa safari chache za kwanza za mashine nzito ndizo zinazoushindilia udongo, na kushindiliwa huko hudumu miaka mingi. Useme pia nani anapanda upya. Uswidi wajibu wa kurudisha msitu baada ya kukata umo kwenye sheria tangu mwaka 1903, na nchi nyingine nyingi zina masharti yao. Mnunuzi akishaondoka, anayedaiwa ni mwenye ardhi.

Kama mpaka una utata, mpima ardhi aje kabla ya msumeno. Na liko jambo moja ambalo halingoji mirathi: mkiona majani ya misonobari kadhaa iliyo jirani yakigeuka mekundu au kahawia pamoja, na unga wa mbao kwenye nyufa za gome, mwiteni ofisa misitu wiki hiyohiyo. Wadudu wa gome hawasubiri kikao cha familia.

Wajukuu tisa usiwapangie mhadhara. Nenda na mama wakati miguu yake bado inamruhusu, pamoja na wajukuu wawili watatu watakaokubali, mzunguke mpaka wote taratibu, hata kwa siku mbili. Yeye aseme, wao waandike na kupiga picha: jiwe la kona, mti wa alama, mahali babu alipoanzia kupanda, kisima, mwaka wa moto kama uliwahi kutokea. Baba alikuwa na ramani nzima kichwani na imeondoka naye. Mama anazo sehemu zake, na pengine hakuna aliyewahi kumuuliza. Mmoja wa vijana ambaye anapenda simu kuliko kitu chochote mpeni kazi ya kuchora ramani ya mpaka kwa kutumia hiyo simu. Haitachukua nafasi ya ramani ya mpima, lakini atakuwa amekanyaga kila kona. Wanaobaki na msitu ukubwani ni wale waliopewa kazi halisi humo wakiwa wadogo.

Kwa mnunuzi, mwandikieni wiki hii, kwa heshima, barua moja yenye majina ya nyote wanne. Mwambieni mirathi haijakamilika, miti itahesabiwa na mtaalamu wenu, na ikiwepo ya kuuza ataalikwa kutoa bei pamoja na wengine. Misonobari imesimama miaka 45. Mwezi huu ukiisha itakuwa bado imesimama, na kwa kila msimu unaopita ile mizuri inaongeza pete nyingine. Akiwa ni mfanyabiashara wa kweli atasubiri. Akisema bei hiyo ni ya mwezi huu tu, mwacheni aende, na umwambie kaka mkubwa kabla hajalisikia kwa mtu mwingine.